Usimpe Luhekelo Chai Tena

Makambako, Jumatatu

Mke wangu mpenzi, Mama Luhekelo,

Kabla ya salamu, nisikilize. Ukifika mwisho wa mstari huu, nenda jikoni ukaimwage chai ya mtoto, hata kama umeikoroga sasa hivi na bado inatoa moshi. Asinywe tena, wala asubuhi wala jioni. Mpe uji wa ulezi na maziwa. Ukishampa, rudi ukae usome yaliyobaki, na mama yangu akae karibu yako, maana yeye hajui kusoma na mengine humu ni yake.

Sasa kamwene. Hamjambo nyote? Mimi ni mzima ila mguu wa kulia, nao nitakueleza. Huku mvua haikatiki. Barabara ya Njombe imekuwa tope tupu, malori yamelala safu mbele ya hoteli yetu, na mpaka nilipoumia tajiri alikuwa akinipikisha sufuria mbili za chai kwa pamoja. Unanijua kwa kujisifu. Nimezoea kusema hakuna abiria kati ya Iringa na Songea ambaye hajanywa chai ya mkono wangu. Leo sijisifu. Nimeshtuka, mke wangu, nimeshtuka sana.

Juzi mchana lori moja lilinasa pale Lyamkena, abiria wakarudi kwa miguu wakaijaza hoteli. Kati yao alikuwemo mama mmoja amebeba mtoto wa umri wa Luhekelo. Akaagiza chai, si yake, ya mtoto. Nikamtazama yule mtoto: mashavu yamejaa, ametulia tuli, nywele laini zenye wekundu. Moyo wangu ukafurahi. Nikamwambia, "Kamwene, mama. Mtoto amenawiri. Hata wangu yuko hivi hivi." Na unajua nilivyo, nikatoa barua yako mfukoni, ile niliyoisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika, nikamsomea pale ulipoandika kwamba mtoto amenenepa mashavu, amekuwa mpole, siku hizi halii wala hatoki uani kucheza, na nywele zake zimegeuka rangi kama za mtoto wa Mzungu.

Hakucheka. Alifunua shuka akanionyesha miguu ya mtoto. Imevimba, inang'aa, na ngozi ya mapajani inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Baba, huyu hajanenepa," akasema. "Ndiyo tunampeleka hospitali Njombe. Na sisi tulimsifu hivyo hivyo, miezi miwili."

Karibu na dirisha alikuwa amekaa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, bwana wa maneno machache anayekuja kwetu kila siku. Akainuka, akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akaachia. Pakabaki shimo. Akamwuliza yule mama, "Anakula nini?"

"Chai, bwana dresa."

"Chai na nini?"

"Chai ya sukari. Mkate ukipatikana, mkate. Pengine kiazi."

"Kwani ulezi hamna kwenu?"

"Upo, umejaa ghalani. Lakini baba yake yuko Tanga kwenye mkonge. Aliandika kwamba mtoto wake asilishwe uji kama watu wa porini. Alelewe kwa chai, kama watoto wa watu wastaarabu."

Mama Luhekelo, maneno yale ni yangu. Sijui huyo bwana wa mkonge aliyapata wapi, lakini mimi nilikuandikia hivyo hivyo, wakati ule ulipougua homa maziwa yako yakakauka, na mama akataka kumsagia mtoto ulezi na kumkamulia ng'ombe. Nilijaza ukurasa mzima kumkataza. Nikampa dereva pakiti za majani ya chai na sukari awaletee, nikajiona baba wa maana. Basi nimesimama pale na sufuria ya chai niliyoiepua, nayasikia maneno yangu kinywani mwa mtu nisiyemjua, ikaniponyoka. Chai yote ikanimwagikia mguuni. Watu walipiga kelele kabla mimi sijasikia maumivu.

Dresa ndiye aliyenifunga ule mguu. Nilimwuliza kama chai ni sumu.

"Kwa mtu mzima aliyeshiba haina neno," akasema. "Lakini mtoto yule wamempa maji ya rangi. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Sukari inamnyamazisha tu."

Nikamwambia wangu hata halii, ni mpole mno.

"Mtoto wa umri huo asiyelia si mpole. Amechoka."

Nikauliza kama hupona. Akasema hupona, wakiwahishwa. Nikauliza, wakichelewa? Aliendelea kuzungusha bandeji, wala hakuinua uso.

Yule mama aliondoka jana kwa miguu na wenzake. Kila mtu atokaye upande wa Njombe namwuliza kama amewaona, na mpaka sasa hakuna aliyewaona.

Hapa msomee mama kwa sauti. Mama, shikamoo. Nilikuandikia, tena mkweo ndiye aliyekusomea, kwamba malezi ya siku hizi huyajui. Ulilea watoto saba kwa ulezi na maziwa, mimi nikiwa mmoja wao, na bado nikasema huyajui. Naona haya, mama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, limeungua, na sioni kama adhabu hiyo imetosha. Lile jiwe lako la kusagia nililosema litolewe nje, naomba lirudi jikoni leo. Nisamehe. Lakini msamaha unaweza kungoja, kusaga kusingoje.

Mke wangu, hata sisi wakubwa tujirekebishe. Dresa aliniuliza mimi mwenyewe nakula nini. Nikahesabu, nikakuta tangu alfajiri hadi saa kumi jioni ni vikombe saba, sukari vijiko vitatu kila kimoja, halafu ugali mara moja. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana mikono yangu inatetemeka na usingizi ni wa mang'amung'amu. Sasa nakunywa kimoja tu, tena baada ya kula, na asubuhi nakunywa uji mbele ya abiria, wananicheka mpishi wa chai anayeikimbia chai yake. Nawe ukirudi shambani usiifanye chai kuwa chakula cha mchana. Kula kwanza, maharage au njegere na mboga, halafu chai kama bado unaitamani.

Hayo ni ya baadaye. La leo ni mtoto. Usiseme tumpe uji wiki hii tuone. Dresa amekataza kungoja. Mpeleke hospitali Njombe. Njiani mpe maziwa kidogo kidogo, na yai la kuchemsha akilikubali, hata kama wazee watasema yai halimfai mtoto. Najua desturi yetu, mwanamke hamtoi mtoto mgonjwa nyumbani bila neno la mumewe, na najua baba atasema tumngoje Yohana. Yohana wenu, mimi huyu, hawezi kukanyaga chini. Neno la mume ndilo hili, nimelitia sahihi, mwonyeshe baba. Mdogo wangu Elia ambebe mtoto, mama afuatane nanyi. Mguu ukipata nafuu kidogo nitawakuta hospitali, hata kama ni kwa fimbo.

Barua hii anaileta mwinjilisti anayekuja huko Kifanya kwa baiskeli. Nimemsihi asilale Njombe, naye amenipa mkono.

Barua zangu zote nimekuwa nikidai majibu, na ukichelewa nakulaumu. Hii usiijibu. Nisalimie shangazi wa pale mteremkoni, na mjomba wetu seremala, na mwalimu wangu aliyenifundisha kuandika. Nyumba zao zote ziko njiani kwenda Njombe. Wape salamu zangu huku unatembea. Usisimame.

Ni mimi mumeo,
Yohana, baba wa Luhekelo