Siku Mama Breki Alipotaka Kutuona Sote

Chumba cha nyuma, nyumbani,
Jumapili mchana, vyombo bado havijaoshwa.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea na nyingine ya akiba, maana simu ya mwisho ilikatika kabla sijakuamkia vizuri. Goti linaendeleaje? Na zile zamu za usiku hospitalini, bado wanakupangia wewe tu kana kwamba wenzako hawana macho? Jifunike, kula kwa wakati, na usiwe unakunywa chai kavu halafu unatuambia umekula. Huku sote wazima. Mgongo wa mama umetulia. Kaka bado anatengeneza mafriji ya watu wakati letu linanguruma. Baba ni mzima kabisa, na dalili ya uzima wake unaijua: anagombana na redio.

Najua unaisoma barua hii mbiombio ukitafuta jambo moja tu, ile kazi ya kampuni ya bima, kama nimeichukua au sijaichukua. Nitakuambia. Ila kaa kwanza, hadithi ukiianzia mwisho haina ladha. Na ukiruka aya nitajua.

Unakumbuka nilipomaliza chuo, rafiki wa baba aliyefanya naye kazi mahakamani alinitafutia nafasi pale bima. Baba alifurahi, akanisifia mpaka kiti, eti ni vile viti vinavyozunguka. Mimi nikasema sikusoma kompyuta ili nizunguke, nataka kutengeneza tovuti, biashara yangu mwenyewe. Baba hakukataa. Unamjua shemeji yako, yeye hakatai, anaweka masharti. Akasema nijaribu mpaka siku bima watakapotaka jibu la mwisho. Siku hiyo ikifika sina mteja wa kweli, nifunge kompyuta yangu nikaripoti kazini. Nikakubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshakikataa kile kiti.

Ofisi yangu ndiyo hiki chumba ulichokuwa unalala ukija kututembelea. Kitanda nimekisukuma ukutani, meza ya kupigia pasi ndiyo meza ya kazi, na mama akitaka kunyoosha nguo zake mimi na kampuni nzima tunahamia kitandani. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Intaneti inashika vizuri ukikaa pembeni mwa kabati, kwa hiyo naegemeza mgongo kwenye kabati siku nzima na nimeanza kunuka dawa ya nondo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kinyozi wa hapa nyuma. Nilimpigia picha za vichwa vya watu, nikamwekea na saa za kufungua, akafurahi kupita kiasi. Sasa kila anayekaa kwenye kiti chake anaonyeshwa ile tovuti kwenye simu huku wembe uko shingoni, na nani atasema ni mbaya? Nikamwendea baba kifua mbele, nikidhani mambo yamekwisha. Akaniambia jirani si mteja, jirani ni jirani.

Basi nikatengeneza tovuti ya kujitangaza mwenyewe. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa, ingawa mdomo wenyewe ulikuwa vidole. Tovuti zote nilizoziangalia zina ukurasa wa "Kuhusu Sisi", na mimi nikaandika wangu. Nikaandika kwamba sisi ni timu ya wataalamu. Sisi tuna wabunifu, sisi tuna idara ya huduma kwa wateja, sisi tunakesha ili wewe ulale. Mama Mdogo, nilivyokuwa naandika niliona kama tumejaa humu chumbani. Nilikuwa peke yangu, nimevaa kanga ya mama.

Halafu mama mmoja mwenye shule ya udereva akapiga simu. Mume wake alionyeshwa vichwa pale kwa kinyozi, akaenda kumsimulia. Huyu mama nusu ya madereva wa hapa mjini wamepita mikononi mwake, na wanafunzi wake wanamwita Mama Breki, mwenyewe anajua na anafurahia. Alisema amesoma pale penye "Kuhusu Sisi" na Ijumaa asubuhi atakuja ofisini atuone sote. Nikajibu karibu sana, sisi tupo. Simu ilipokatika nikakumbuka kwamba Ijumaa ndiyo siku ya bima kupewa jibu.

Nilimweleza mama, naye hakunilaumu hata kidogo, alinyanyuka akaanza kugawa vyeo. Yeye atakuwa mapokezi. Kaka atakuwa mbunifu. Kaka akauliza mbunifu anabuni nini, akaambiwa avae shati la mikono mirefu na asizungumze. Ikabaki zamu ya baba, ambaye mama alitaka awe mwenyekiti kwa sababu ya kipara. Baba akakunja gazeti taratibu. "Mimi maisha yangu yote kazini nilikuwa nawaapisha watu waseme kweli," akasema. "Hamtanivalisha tai nikadanganye sebuleni kwangu." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliniuma. Lakini asubuhi nilimkuta anafagia uwanja, na taa ya chumba changu iliyokuwa inawakawaka alikuwa ameshaibadilisha.

Ijumaa Mama Breki akaja mapema kuliko alivyosema. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, viatu vya kamba. Mama alikuwa na simu sikioni akizungumza na mteja asiyekuwepo, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, mara ile simu ikalia kweli sikioni mwake. Alikuwa shangazi, anauliza kama tuna kitunguu cha kumwazima. Mama akajibu kwamba ombi lake limepokelewa na litashughulikiwa.

Mama Breki akamgeukia kaka, akamuuliza, yeye kama mbunifu, ukurasa wa shule yake ataupaka rangi gani. Kaka akafikiri sana. Nyeupe, akasema, kwa sababu haivuti joto, ila la muhimu kuliko yote ni mpira wa mlangoni uwe mzima. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtazama mama, mama akatazama dari.

Baba alikuwa kwenye kiti chake pale sebuleni na gazeti lake. Mama Breki akamuuliza, "Na wewe mzee, una kazi gani kwenye hii kampuni?"

"Mimi ni baba yake," baba akasema, akaendelea kusoma.

Njia ya mwongo ni fupi, Mama Mdogo, na yangu iliishia hapo. Ningeweza kuongeza neno, ningesema ni mshauri wetu mkuu. Lakini nilimwona baba amekaa pale na ukweli wake, nikashindwa. Nilimwambia yule mama kwamba wabunifu hawapo, idara haipo, huyu ni mama yangu, huyu ni kaka yangu fundi mafriji, na wanaokesha ili yeye alale ni mimi peke yangu, tena huwa nasinzia mapema. Nikamwomba radhi. Nilishaanza kukiona kile kiti kinazunguka.

Hakucheka wala hakukasirika. Alikaa, akatoa simu mkobani, akanionyesha tovuti yake ya sasa. Wale waliomtengenezea walikuwa wengi kweli, ghorofa nzima. Walikosea namba ya simu, na tangu hapo wanaotaka kujifunza gari wanampigia mtu wa magodoro. Kila akiwapigia warekebishe, huyu anamwambia hilo si langu, ni la mwenzangu, na mwenzake anamwambia subiri mwenzangu arudi. Mtu wa magodoro keshachoka, siku hizi anawashauri tu wakanyage klachi taratibu.

"Niliposoma sisi, sisi, sisi, nikasema hawa nao ni walewale," akasema. "Nimekuja kuhesabu ni wangapi watakaonizungusha. Mwanangu, gari lina usukani mmoja. Mimi nataka mtu mmoja, kazi ikiharibika nijue shati la kushika ni la nani."

Nikamwambia shati ni hili. Akasema basi tuanze.

Hakutaka kuja siku nyingine. Aliingia humu chumbani, akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu, macho kwenye kioo cha kompyuta kama tuko barabarani. Nikiteremsha ukurasa haraka, mguu wake unakandamiza sakafu. Nikitaka kufuta kitu ananiuliza umetazama nyuma? Nikasahihisha kwanza namba ya simu. Kisha nikamwonyesha jinsi mwanafunzi atakavyochagua siku na gari bila wawili kugombea usukani mmoja, na hapo ule mguu ukatulia. Nilifurahi sana. Hii ndiyo kazi, Mama Mdogo. Mtu anakueleza kinachomsumbua, unakaa, unakiondoa, na unamwona usoni kimeondoka.

Alipoondoka alikuwa ameacha kazi ya kweli na sharti moja, kwamba ule uongo wangu niufute kabla yeye hajafika kwake. Niliufuta. Ukurasa sasa unaitwa "Kuhusu Mimi", na una mistari michache tu. Kinyozi anasema umepungua hadhi. Lakini Mama Breki ameshanipeleka kwa dada yake mwenye duka la miwani, na huyo naye jana na leo asubuhi kanipigia simu kunigombeza kwa upendo.

Sasa nikuambie ya bima. Mchana ule nilikuwa jikoni nimejificha, maana sikujua kama baba atamhesabu Mama Breki kuwa mteja wa kweli au atatafuta kasoro. Nikamsikia sebuleni anapiga simu kwa rafiki yake. Akamsalimia, akamuulizia familia yote mpaka nikachoka. Kisha akamwambia amshukuru kila mtu aliyehangaika, lakini yule binti hatakuja, ana kazi. Rafiki yake bila shaka aliuliza kazi gani, kwa sababu baba alihamishia simu sikio la pili. Mimi nyuma ya mlango nilikuwa nimeshika sufuria, nikijua kabisa hawezi kueleza ninachofanya.

"Tunatengeneza tovuti," baba akasema.

Baba huyo huyo, Mama Mdogo, ambaye hasemi neno asiloweza kuliapia. Nililia pale pale jikoni, mama akadhani nimeungua.

Msalimie sana baba mdogo, na hao wadogo zangu uwabane masikio kidogo kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, kaka anakusalimu, shangazi pia, kitunguu alipata. Mungu akutangulie kwenye zamu zako, akutilie nguvu kwenye hilo goti, na akulete siku moja ulale tena kwenye kitanda hiki, nami nitakipangusa vumbi mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda kuliko ninavyokupigia simu,

Chiriku.