Ugonjwa Ambao Hatukuutaja

Jumapili usiku

Nimerudi peke yangu. Tangu nimalize shule, kikundi cha parokia ndicho marafiki wote nilio nao.

Hospitalini, tulikokwenda na kikundi kuwaombea wagonjwa, yaya Béa, dada mkubwa anayetuongoza, alimuuliza mama mmoja ugonjwa wa mtoto wake, eti tuutaje katika sala. Chumba kizima kikageuka kusikiliza. Mama akamfunika mtoto uso kwa kikwembe.

Nikanong'ona, "Yaya, tuombe tu. Mungu anajuaka."

"Alors, tuko na padri mupya!" yaya Béa akasema kwa sauti. Wote wakacheka. Tukasali bila kuutaja, lakini kutoka pale hakuna aliyenisemesha.

Labda hawataniita tena. Sijui Jumapili nitakwenda wapi.

Baada ya sala, mama yule alinisogezea nafasi kitandani. Nilikaa. Sikutaka kuondoka.