Akiba Yangu Ni ya Mtoto, Mdogo Wangu Anaitaka Inunue Gari

Shikamoo Bibi Mshauri,

Naomba unisome hadi mwisho kabla hujakunja uso, kwa sababu kila niliyejaribu kumdokeza jambo hili alikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

Mimi ni fundi wa magauni ya bibi harusi, nina miaka thelathini na saba, nina chumba changu cha kazi chenye cherehani na kioo kirefu, na nyuma ya pazia yananing'inia magauni kadhaa ambayo harusi zake zilivunjika na wenyewe hawakurudi kuyachukua, na haipiti wiki bila mama fulani kuniuliza, huku nimepiga magoti nampimia binti yake pindo, "Fundi, na wewe gauni lako umelificha wapi?" nami nacheka tu, maana mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, lakini ukweli, Bibi, ni kwamba gauni silitaki, ninachotaka ni mtoto. Sina chuki na wanaume, nilishachumbiwa nikaachana na mtu kwa amani, ila nimechoka kungoja ajitokeze mwingine ndipo niruhusiwe kuwa mama.

Basi miaka minne iliyopita nilifungua akaunti ya pembeni, kila gauni likichukuliwa naweka fungu langu humo kabla sijanunua hata uzi, nikaenda kliniki ya uzazi, nikapimwa, na daktari, mama mmoja mtaratibu, akasema mwili wangu uko tayari na mbegu zitatoka kwa mchangiaji nisiyemjua, lakini nisivute miaka. Nimepanga yote: kliniki, vipimo, kujifungua, kitanda cha mtoto, nguo nitashona mwenyewe, na nimepigia hesabu azaliwe miezi ambayo harusi ni chache ili nisiwaangushe wateja. Fedha imetimia. Nilikuwa natembea mtaani najiona mrefu.

Kosa langu ni kwamba mama aliponiuliza hela za magauni zinakwenda wapi, nilimwambia naweka akiba ya kupanua duka. Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa kuajiriwa, sasa amepata mtu anayeuza gari la mizigo kwa bei nzuri, na Jumapili iliyopita tuko sebuleni kwa mama, wifi yangu anamenya machungwa, mdogo wangu akaanza:

"Dada, duka si litasubiri? Gari halisubiri."

"Nina mipango yangu," nikasema.

"Mipango gani? Huna mtoto, huna mume, huna ada ya shule. Mimi hapa nina watatu. Hizo hela unakula na nani, Dada?"

Wifi akajibu bila kuinua macho, "Anakula na cherehani."

Wakacheka wote, nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma, Bibi, kwamba nilicheka. Mama naye akafunga mjadala: "Nimeshamwahidi mdogo wako utampa. Jumapili ijayo mje mmalizane."

Mdogo wangu si mlevi wala mjanja, nilimbeba mgongoni, nampenda. Sikuombi ruhusa ya kuzaa, hilo nimeshaamua na sirudi nyuma. Naomba uniambie kama nimpe nusu nianze kuweka upya, au nikatae kabisa na kuharibu undugu, au niseme ukweli na kumpandisha mama presha. Na kama unaona mpango wangu una tundu mahali, nionyeshe bila kunionea huruma.

Ni mimi, Fundi wa Magauni

*

Marahaba, mwanangu.

Uso sijaukunja. Nimekusoma mara mbili, kwanza kama bibi, kisha kama mkaguzi wa hesabu, na wote wawili wanakupongeza. Nimeona watu wengi waliopata watoto bila kufikiri hata jioni moja, na hakuna aliyewaita wendawazimu. Wewe umefikiri miaka minne. Mtoto anayesubiriwa hivyo haji kwa mtu asiyejua anachofanya.

Sasa nikukaripie kidogo. Mdogo wako hajakukosea kama unavyodhani. Ulisema fedha ni ya duka, naye akajibu kama mtu yeyote mwenye akili zake, kwamba duka litasubiri. Angesema mtoto atasubiri, hapo ningekusaidia kumnunia. Huwezi kuwanyima watu ukweli halafu ukawalaumu kwa kutoujua. Wifi yako naye ulimi wake una makali, nakubali, lakini alitania kitu alichokiona: mwanamke na cherehani yake. Kingine hukumwonyesha.

Fedha usimpe. Hata hiyo nusu usimpe. Ukiitoa nusu unarudi miaka miwili nyuma, na daktari amekwambia wazi kwamba miaka ndicho kitu usichokuwa nacho. Wala akikimbilia mkopo usimwekee saini ya udhamini, kwa sababu siku akishindwa kulipa watakuja kugonga kwako. Magari ya mizigo yanauzwa kila siku. Kama anataka lake, akae na tajiri aliyemwajiri wakubaliane amnunulie, naye alilipe kidogo kidogo kwa kazi. Hiyo ndiyo mipango ya watu wazima, na yeye ni mtu mzima, mgongoni alishashuka zamani.

Umeniomba tundu. Lipo, tena ni tundu la kifundi. Kazi yako imekuzoesha kupanga kila kitu kuelekea siku moja. Gauni likishavaliwa, picha zikipigwa, wewe umemaliza. Wakigombana wiki ya pili, hayakuhusu. Hebu rudia ulichoniandikia: kliniki, vipimo, kujifungua, kitanda. Halafu? Mtoto amezaliwa, hongera, na akiba imekwisha siku hiyohiyo. Umempangia kuzaliwa, kuishi hujampangia. Na hiyo hesabu ya kumzaa miezi isiyo na harusi uliiona ni ujanja, ila ndiyo miezi ambayo huingizi kitu. Utakuwa na mtoto mchanga, kodi ya chumba na pochi tupu kwa wakati mmoja. Mzae mara tu baada ya msimu wa harusi, mfuko ukiwa bado una joto, na uwe umeshaweka kando fedha ya kula na kulipa kodi kwa muda wote ambao hutashika mkasi. Najua mimba haiji kwa miadi kama mteja. Basi fedha hiyo iwepo hata akichagua miezi yake mwenyewe.

Tena umepanga kana kwamba jaribio la kwanza lazima lishike. Huenda lisishike. Muulize daktari wako waziwazi jaribio la pili ni kiasi gani, na uwe nalo mkononi kabla hujaanza la kwanza, ili usije ukalilia mtoto na fedha kwa pamoja. Ulizia na bima ya afya, ukate mapema, maana bima nyingi hazimpokei mwanamke aliyekuja tayari na tumbo.

Utasema, Bibi, hayo yote nitayatoa wapi na umri unakwenda? Sikuambii uvute miaka, nakuambia miezi. Yatoe yale magauni nyuma ya pazia. Yafue, yatengeneze yaweze kupunguzwa na kupanuliwa kiunoni, uanze kuyakodisha. Gauni la kushona linakulipa mara moja na linataka mikono yako. La kukodisha linatoka, linarudi, linatoka tena, hata kama wewe umekaa unanyonyesha. Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji kazi ya namna hiyo.

Kuna kitu kingine hakimo kabisa katika hesabu yako, nacho ni mikono ya watu. Mwanangu wa mwisho nilimzalia ugenini, katika mji ambao lugha yake ndiyo kwanza nilikuwa najifunza, dada zangu wote wakiwa wametawanyika nisikojua. Maziwa yalikuwepo, nguo zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumshika mtoto nikaoge. Nilikuwa naoga mlango wazi, yeye amelala sakafuni juu ya shuka, namwimbia kwa sauti ili asijue nimemwacha. Alikua vizuri, na mimi nilipona. Lakini kama ningekuwa na mama mwenye sebule, na wifi aliyelea watatu akiwa karibu kiasi cha kuja kunimenyea machungwa, nisingewaacha wanipotee kwa sababu ya gari. Yaya utamlipa, mtengee mshahara wake tangu sasa. Ndugu hawalipwi, kwa hiyo uwatunze. Kukataa kutoa fedha hakuvunji undugu, mwanangu. Kinachouvunja ni kukataa huku umeficha sababu.

Basi Jumapili nenda mapema, kabla mdogo wako hajafika, umkute mama peke yake. Usianze na kliniki, usianze na mchangiaji. Sema: "Mama, zile hela si za duka. Ni za mjukuu wako." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akiuliza watu watasema nini, mwambie watasema, na siku ya kumwona mtoto watakuwa wa kwanza kufika. Akiuliza baba ni nani, mweleze kila kitu kwa utulivu uleule unaoutumia kwa mteja anayetaka gauni lake kesho asubuhi. Presha yake usiiogope kuliko anavyoiogopa yeye. Lakini akikuuliza, "Kwani unatarajia lini?" acha maelezo, sogea karibu, mhesabu miezi pamoja.

Na suala la gari liache hapohapo mezani. Aliyetoa ahadi ni mama, naye ndiye atakayeifuta. Ninavyowajua mama wa namna hiyo wakishasikia neno mjukuu, mdogo wako atajibiwa mlangoni, hata viatu hajavua.

Bibi Mshauri