Mayai Meusi Mezani kwa Bi Echati

Moroni, Ijumaa

Dada Zuhura, pokea salamu zangu, na hasira zangu pia.

Unawajua wale nyigu wetu wadogo wanaoangamiza mayai ya nondo? Baridi yote ya Ulaya walilala, wakiwa wachanga, ndani ya mayai hayo, yakageuka meusi. Tumewavusha bahari wakiwa hai, tuwapeleke mashamba ya Mutsamudu. Leo nimerudi kutoka msikitini, nakuta mwenyeji wangu Bi Echati ameyachambua mayai niliyoyaacha mezani kwake, kama mchele!

"Yaliyooza nimekutupia, mwanangu. Meupe haya hapa."

Meupe hayana nyigu, ndiyo yatakayotoa viwavi! Baridi haikuwaweza, ukarimu umewamaliza. Nami ni mgeni, nikajibu ahsante.

Mungu akutunze, dada. Na kabati langu huko nyumbani, nakusihi, usilisafishe.

Nduguyo, Salim