Jiliwa la Bi Somoe

Rutamba, Jumatano

Nililipiga nyundo, na sikupaswa. Chuma cha kumimina hakivumilii nyundo. Nimewafundisha watu hayo miaka mingi. Parafujo ilikuwa imeshikwa na kutu, nikakosa subira, na taya la jiliwa, lile linalobana chuma mezani kikifanyiwa kazi, likapasuka hadi chini. Fundi wa kuchomelea amelitazama, akatikisa kichwa.

Majiliwa ya kale niliyoyakusanya nimeyafufua yote. Hili moja si langu. Ndicho chombo pekee alichobakiwa nacho Bi Somoe kutoka karakana ya marehemu mumewe, rafiki yangu.

Alasiri akapita. "Shikamoo, shemeji. Mgonjwa wangu hajambo, au umeshamzika?"

"Marahaba. Bado yumo kwenye mafuta."

Kumwambia kweli nilishindwa. Akacheka, akaniombea Mungu anizidishie nguvu za mikono.

Nikaitikia, "Amina."