Kila Anayetafuta Jina la Mama Anakutana na Mashuka

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu marika basi nipokee hivyo hivyo, maana nimekaa na jambo hili siku tisa sasa na sina wa kumwambia ambaye hatachukua upande kabla sijamaliza kusema.

Mimi ni karani wa masjala, kile chumba cha ofisi kinachotunza majalada, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa, kwa hiyo ukiniamsha usingizini ukaniuliza jalada la nani liko rafu gani nitakujibu kabla sijafumbua macho, na ninakuambia hivi si kwa kujisifu bali kwa sababu balaa lenyewe limetokana na mazoea ya kazi hiyo. Naishi na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na nne, mtu wa nguo za pasi kali na viatu vinavyong'aa, na miaka mitatu iliyopita akaanza kusahau, kwanza majina ya majirani, kisha jiko likiwaka, kisha nikaikuta sabuni ndani ya kopo la sukari, na siku hizi asubuhi anabeba mkoba wake anasimama getini akisema watoto wanamsubiri darasani, na kitanda hakikauki. Tumezaliwa wawili tu. Kaka yangu ni fundi umeme, anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, anapiga simu kila Jumapili na anakuja mara mbili kwa mwaka, na kila akija anaondoka akisema mama hajambo kabisa, kwa kuwa mbele yake mama hujikaza.

Basi nikaanzisha blogu, nikiandika saa ya chakula cha mchana kwenye kompyuta ya masjala, na usiniulize kama mkuu wangu anajua. Kwa heshima ya mama niliipa blogu jina lake, majina yote matatu, na anwani yake ikawa hilo hilo jina, nikaandika mambo ya nyumbani kwetu jinsi yalivyonijia moyoni, kurasa nikazipa vichwa vya kupendeza kama Wingu la Jumanne na Kikombe Kilichopoa, na baada ya miezi saba nilikuwa na wasomaji kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa ni mimi mwenyewe kwenye simu na kompyuta tofauti.

Ofisini kuna mwenzangu, mama mmoja fundi wa kompyuta tunayemwita Waya, nikamwonyesha, akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, "Dada, wewe unayepanga majalada mchana kutwa, mbona humu umeyaficha? Mtu mwenye godoro lililolowa hatafuti wingu. Anaandika godoro."

Akanifundisha kwamba kichwa cha kila ukurasa kiseme shida yenyewe kwa maneno ambayo mwenye shida angeyaandika kwenye simu yake, kwamba ukurasa mmoja ubebe jambo moja, kwamba anwani ya ukurasa iwe fupi na yenye maneno yale yale badala ya msururu wa tarakimu, kwamba kurasa ziunganishwe ili anayesoma habari za godoro apate njia ya kwenda kwenye habari za chakula, na kwamba picha zipunguzwe uzito zisije zikammalizia mtu bando, tena kila picha ipewe jina na maelezo yanayoeleweka, maana injini ya kutafutia inategemea sana maandishi kujua picha ni ya nini. Mshauri, hapo nilijiona nimefika nyumbani, kwa sababu hiyo ni masjala tupu. Wingu la Jumanne likawa Mzazi Anayelowesha Kitanda: Jinsi ya Kulinda Godoro, na picha zote nikazipa majina jinsi tunavyoandika juu ya majalada, jina la mwenyewe kwanza, halafu shauri lake: jina la mama, mashuka, jina la mama, nepi za watu wazima, jina la mama, kutoroka nyumbani. Hilo Waya hakulijua. Yeye alinipa kanuni tu, kupanga nilipanga mwenyewe.

Watu wakaja. Mwezi wa tatu baada ya mpango huo walifika elfu nne, wakawa wananiandikia, na mwanamume mmoja aliniambia kwamba alikuwa akimfungia baba yake chumbani kwa kufuli kila anapokwenda kazini, akasoma ukurasa wangu wa mzee anayetoroka, akaondoa kufuli na kutafuta mtu wa kukaa naye, na barua hiyo niliisoma nikalia pale pale katikati ya majalada. Nikiri na jambo jingine kwa kuwa nimekuja kukiri: nilinogewa. Ilifika mahali kila asubuhi naangalia kwanza idadi ya waliofika usiku ndipo naenda kumwamkia mama.

Sasa sikia kilichotokea. Wanafunzi wa zamani wa mama wanaandaa mkusanyiko wa kumshukuru, utakuwa wiki tatu kutoka leo, na mmoja wao, ambaye sasa ni mwalimu mkuu, alipewa kazi ya kusoma historia yake siku hiyo, akaingia mtandaoni akaandika jina la mwalimu wake. Cha kwanza kabisa alicholetewa ni picha ya kamba ya nguo yenye mashuka yetu, na chini yake jina la mama na habari ya mkojo. Alimpigia simu kaka yangu, kwa adabu sana, akamwuliza kama familia inajua.

Kaka alikuja kesho yake, bila taarifa. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alikaa kwenye kiti cha mama akaniambia, "Miaka thelathini na nne alisimama mbele ya watu akiwa amenyooka. Wewe umemsimamisha mbele ya dunia nzima na shuka lenye mkojo." Kisha akasema nifute kila kitu kabla ya siku ya mkusanyiko, la sivyo atamchukua mama akaishi kwake, na mama hapa kwetu bado anajua choo kiko mlango gani, huko kwa kaka atapotea ndani ya nyumba. Waya naye anasema nikifuta, wale wote wenye wazazi kama wangu watagonga ukuta, na wengine wameshahifadhi kurasa zangu kwenye simu zao.

Nifute au nisifute? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi sikuficha, mbona nimevuna aibu? Nisaidie, siku zinakwenda.

Wako, Binti wa Masjala

*

Binti wa Masjala,

Marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mbali.

Pole kwanza. Kumfulia aliyekufulia ni kazi isiyo na likizo wala siku ya mapumziko, na umeifanya miaka mitatu karibu peke yako. Mtu katika hali hiyo anahitaji mahali pa kutua mzigo. Ulipapata ukautua, na ulipokuwa unautua ukamfungulia mlango mzee wa watu aliyekuwa chini ya kufuli. Hilo hakuna wa kukunyang'anya, hata kaka yako.

Sasa nikugombeze. Hiyo methali uliyonitupia inahusu uchi wako wewe. Haikukupa ruhusa ya kumvua mwenzio. Ungeandika kwamba wewe umechoka, kwamba wewe umelia bafuni, kwamba wewe siku moja ulimkaripia mama ukajuta, ningekupigia makofi. Lakini umechukua mkojo wa mtu mzima ukauandikia jina lake kamili juu, tena la kwanza kwenye mstari. Kwenye jalada jina linatangulia kwa sababu jalada linalala kabatini na ufunguo uko mfukoni mwako. Mtandao hauna kabati, mwanangu, na wewe kwa mkono wako ulihakikisha kila apitaye anaonyeshwa rafu.

Lakini hujanielewa bado, nakuona unataka kukimbilia kufuta. Tulia. Yule mwanamume aliyekuwa akimfungia baba yake, unadhani alipokuwa anatafuta msaada aliandika jina la mama yako? Hamjui. Aliandika mzee, aliandika kutoroka, aliandika kufuli. Shida ni ya maelfu ya watu, na jina ni la mtu mmoja. Kati ya wale elfu nne, wenye shida waliletwa na shida yao, na walioletwa na jina ni wale tu waliompenda mama yako wakataka kujua yu hali gani. Kwa hiyo jina hilo halikumsaidia yeyote, na ukiliondoa hutampoteza hata msomaji mmoja mwenye godoro lililolowa. Mwalimu wako Waya alikufundisha vizuri. Wewe ndiye uliyeongeza chumvi.

Basi blogu usiifute, ihamishe. Nimemwuliza mwenzangu anayesimamia tovuti ya gazeti hili, naye anasema hivi. Chukua anwani mpya yenye maneno ya shida yenyewe, kitu kama kumtunza mzazi anayesahau. Hamishia huko kurasa zote na vichwa vyake vizuri vile vile, lakini kwanza uzipitie moja moja, na kila penye jina la mama weka mama, basi. Toa pia jina la shule, mtaa, na rangi ya geti lenu kama uliitaja. Picha za nyumbani kwenu zifute zote, si kuzibadilisha jina tu. Godoro la kuonyeshea mfano linaweza kuwa godoro lolote, kapige picha dukani. Kila anwani ya zamani ielekeze kwenye ukurasa wake mpya ili waliohifadhi wasigonge ukuta. Kisha iombe injini ya kutafutia iondoe matokeo ya zamani, ipo fomu ya kazi hiyo, na Waya ataijua. Hayatatoka siku hiyo hiyo. Inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, kwa hiyo anza leo baada ya kusoma gazeti, usisubiri Jumatatu. Tena uifanyie kwenye kompyuta yako, mkuu wako naye husoma magazeti.

Kaka yako. Ana haki ya kuona aibu, na katika lile alilokwambia hakuna neno la uongo. Lakini mtu ambaye hajawahi kusuuza hata foronya moja hawezi kuamka akamhamisha mgonjwa kwa hasira. Mpigie simu wewe, usingoje Jumapili yake. Anza kwa kukiri kosa, kwa maneno mafupi, bila kuweka lakini mwishoni. Akishapoa mwalike akae na mama siku saba mfululizo, wewe ukiwa kazini. Si kwa kumkomoa. Mama hujikaza mbele yake kwa siku moja mbili, sidhani kama atafikisha nne, na kaka yako akishaona kwa macho yake mtazungumza kama watoto wa mama mmoja. Suala la kumhamisha mama lizungumzwe baada ya hapo, wala si kabla.

Na ile tabia ya kuangalia idadi kabla ya kumwamkia mzazi, uiache. Hilo halihitaji maelezo.

Kuna kazi moja zaidi, na kaka yako aifanye pamoja nawe. Jina la mama likibaki tupu mtandaoni, vipande vya zamani vitaendelea kuelea hapo juu. Kibaya kilichokaa juu hushushwa na kilicho bora kukizidi. Kwa hiyo ile anwani ya kwanza, yenye majina yake matatu, usiitupe. Mlango wake wa mbele uwe na ukurasa mmoja tu: huyu ni mwalimu, alifundisha hesabu, shule hizi, miaka hii, aligawanya sehemu kwa njia gani hata mtoto mzito akaelewa. Wanafunzi wake watakwambia, wanajiandaa kusema hayo hayo. Mwalimu mkuu aliyepiga simu kwa adabu apewe kazi ya kwanza. Kanuni za Waya zifuate zote, kichwa kinachoeleweka, maelezo mafupi, picha moja nyepesi, naye mama humo awe na nguo zilizopigwa pasi. Hapo jina likitangulia litakuwa limetangulia kwa haki.

Nimebakiza jambo lililonisumbua tangu niliposoma barua yako mara ya kwanza, nikairudia kuhakikisha sijapitiwa. Umenitajia ulivyomwonyesha Waya, kaka alivyosema, mwalimu mkuu alivyouliza, na wageni elfu nne walivyokushukuru. Hakuna mahali umeandika kwamba ulimwuliza mama. Najua utakachoniambia, kwamba hata angejibu angesahau. Huenda. Lakini mtu anayebeba mkoba kila asubuhi kuwahi darasani bado anajijua yeye ni nani, na bado yuko nyumbani mwako, chumba cha pili.

Ukishauandika huo ukurasa, usiuweke hewani kwanza. Chagua saa ambayo huwa mchangamfu, kaa naye, msomee polepole mpaka mwisho, kisha mwulize kama anapenda watu wausome. Akikusahihisha mwaka, sahihisha. Na akisema hapana, basi ni hapana, hata kama baada ya chai atakuwa amesahau kwamba alisema. Wewe ndiye utakayemkumbukia.