Nilichosikia Nikichagua Redio

Neiafu, kisiwa cha Vava'u
Jumatano, baada ya sala ya asubuhi

Mwanangu Fusipala,

Pokea salamu za mama yako, nzito kama kapu la viazi vikuu. Hujambo wewe? Wajukuu zangu hawajambo, bado wanakula kama moto wa nyikani? Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, nami siyasikilizi. Anayeniandikia ni Siale, mke wa mchungaji, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Anataka kunilainishia maneno. Nimemwambia aandike ninavyosema, au arudi kwake akapike.

Aliyekuletea barua hii nimemwonya akukabidhi wewe, si mwingine. Isome peke yako. Kaka yako Lopeti asiione.

Nianze na redio. Unajua kila mwezi Lopeti hunitumia kutoka huko Auckland kanda ya sauti yake, nami huibeba hadi kwa jirani, nimsikilize mwanangu kwenye kijiredio cha jirani huyo, naye anakaanga samaki. Nilichoka. Niliuza mkeka niliousuka msimu mzima, nikasema nami niwe na redio yangu ya kwanza kabla meno hayajaisha.

Nikaenda dukani kwa Uaisele, yule mnene uliyekataa kuolewa naye. Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akauliza Bibi anataka kumchezesha nani, wazee wenzake wote wako makaburini. Nikamwambia nitamzika na yeye, ila kwanza anionyeshe redio. Akasema kwa pesa yangu nichague moja kati ya mbili: mpya yenye taa za rangi, inang'aa kama meli ya watalii, au kuukuu yenye spika mbili za mbao, mbaya kama uso wake. Hayo aliyasema mwenyewe. Akanishauri nizijaribu kwa kitu nitakachokuwa nikisikiliza, nisidanganywe na taa. Nikatoa kapuni kanda ya Lopeti.

Ile ya taa ilinguruma. Mbavu zangu zilitetemeka, lakini mwanangu alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Nikasema mimi sina disko, nina mwana. Tukaihamishia kanda kwenye spika za mbao.

Fusipala, Lopeti aliingia dukani. Alikuwa kama ameketi juu ya gunia la unga mbele yangu. Akasalimu, akasema kazi ni nzuri. Kisha nikasikia tak! Akaendelea, sauti imeshuka. Tak! tena. Kwa jirani nilidhani anatafuta maneno. Uaisele ndiye aliyenieleza kuwa huko ni kubonyeza: msemaji anaizima mashine, kisha anaiwasha tena. Nikauliza mtu anayezungumza na mama yake ataizimia nini. Karibu na mwisho Lopeti alichelewa kubonyeza, na kikohozi kikaponyoka. Halafu pumzi yake, na mwishoni mwa pumzi, mluzi.

Mluzi ule naujua. Baba yenu aliupiga mwezi wake wa mwisho, akituambia ni moshi wa jikoni.

Uaisele hakunitania tena. Alinibebea redio ya mbao mpaka nyumbani.

Nikapiga simu kwako kutoka posta. Akapokea Lopeti mwenyewe, wewe uko kazini. Nikamuuliza ule mluzi, akacheka, akasema ni vumbi kwenye kanda, Mama, usiwe mwoga. Alicheka kidogo, kisha akakata simu haraka.

Ndipo nikakumbuka maneno yako. Kwamba amekuwa mwenye kununa, anawafukuza watoto mlangoni. Kwamba sahani yake inarudi na chakula. Mume wako yuko baharini, na wewe hujatia mguu katika chumba cha kaka yako tangu ulipovunja ungo, wala yeye hajavuka kizingiti chako. Kwetu ni mwiko dada kuingia chumba cha kaka; ndivyo nilivyowalea, na watu walinisifu. Mnaishi nyumba moja huko Auckland, na hakuna mtu mzima aliyemwona amelala.

Basi nilibeba redio hadi kwa shangazi yako Kalolaine, dada wa baba yenu, ambaye neno lake katika ukoo huu halina wa kulipinga, hata mimi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaniambia nimrudishie pale penye mluzi. Kisha akasema: "Mwambie aingie. Kama kuna mwiko unavunjika, nauvunja mimi, si yeye." Siale ameyaandika kama yalivyotoka kinywani mwake.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Kanda ya mwezi huu haijafika. Redio nimeifunika kitambaa na siwezi kuitazama. Naogopa, mwanangu, na unajua mimi si mtu wa kuogopa.

Kwa hiyo usibishe hodi. Akikufokea, mwache afoke, huko nako ni kupumua. Mlango ukifungwa, uvunje. Nitasuka mkeka mwingine wa kulipia mlango. Mpeleke hospitali hata kwa kumburuta.

Kisha ninasie sauti yake kwenye kanda. Asibonyeze chochote. Akohoe, nimsikie.

Wabusu wajukuu zangu kila mmoja shavu lake. Shangazi yako anakusalimu, na kanisa zima linawaombea bila kujua kwa nini. Mungu awe ndani ya chumba hicho kabla yako.

Ni mimi mama yako,
'Ungatea